Nilinunua lumeni 10,000, nikaangukia chemba

Shimo lenyewe lilikuwa Manzese, kushoto kwako ukiwa unatoka mjini. Chemba isiyo na mfuniko. Mfuniko ulishakwenda kwa watu wa vyuma chakavu kama mifuniko mingi ya mji huu, na mtu mmoja mwenye huruma alikuwa amechomeka tawi la mti katikati kuwaonya wapita njia. Mchana tawi lile unaliona toka mbali. Mimi niliona majani yake saa nne na nusu usiku, yakiwa tayari yako chini ya usukani.

Goti lilichubuka, kiganja kikapoteza ngozi, rimu ya mbele ya baiskeli ikajikunja nane. Hayo yamepona, na rimu nimeshanunua nyingine. Kilichoniuma zaidi ni taa. Ilikuwa ingali kwenye usukani, ingali inawaka, nami nimelala ubavu naitazama inachomulika: dirisha la ghorofa ya pili la gesti iliyo ng'ambo ya barabara. Pazia la maua, kamba ya nguo, taulo la kijani. Taulo lile nililiona vizuri kuliko nilivyoliona tawi.

Kwenye boksi la taa hiyo waliandika lumeni 10,000, yaani kipimo cha mwanga unaotoka kwenye taa.

Nafanya kazi kwenye duka la uchapaji karibu na Kariakoo: kadi za harusi, vipeperushi, na fulana za kampeni msimu ukifika. Uchapaji haujui saa. Mteja anaingia saa kumi na moja jioni anataka kadi mia mbili asubuhi, na ukimkatalia anavuka barabara kwa jirani. Kwa hiyo mara tatu au nne kwa wiki natoka usiku, napanda baiskeli na kuikamata Barabara ya Morogoro: Magomeni, Manzese, Ubungo, halafu ule mlima wa kwenda Kimara ambao madereva wa daladala wala hawajui kama ni mlima. Nikifika Suka naiacha lami, naingia barabara ya vumbi isiyo na nguzo hata moja ya taa.

Na giza la Dar halibishi hodi. Tuko karibu na ikweta, jua mwaka mzima linazama kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi na saa moja kasorobo hivi, na likishazama ni dakika ishirini na kitu tu mpaka usiku kamili. Nimewahi kuondoka kazini nikiona rangi za mashati ya watu, nikafika Ubungo naona mashati tu, na kabla ya Kimara sioni hata hayo. Asiyebeba taa kwa sababu "nitawahi kabla ya giza" hajawahi kukutana na pancha.

Taa yangu ya kwanza maishani haikuwa yangu. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Nzega, na alikuwa na baiskeli ya Phoenix nyeusi yenye breki za vyuma na keria inayobeba gunia la mahindi bila kulalamika. Kwenye uma unaoshika gurudumu palifungwa dinamo ya kufua umeme, ile inayofanana na kichupa cha dawa ya kikohozi. Ukikibonyeza, kichwa chake kinaegemea ubavu wa tairi, tairi linakizungusha, globu inawaka. Sisi watoto tulikuwa tunamjua baba anakuja kwa mlio wa dinamo kabla hatujaona mwanga. Akiwa mbali ni kama mbu, akikaribia ni kama mashine ya kusaga.

Dinamo za aina ile ni volti 6 na wati 3: wati 2.4 zinakwenda mbele, 0.6 nyuma. Lakini hizo ni hesabu za mwendo wa kawaida. Baba akipanda kilima taa ilisinzia mpaka ikawa kaa la moto. Akiteremka ilikuwa nyeupe, na siku ya kuteremka kwa furaha kupita kiasi globu ya nyuma iliungua. Ya mbele ikajikuta inabeba umeme wote peke yake, ikaifuata. Mvua ikinyesha kichwa cha dinamo kinateleza kwenye tairi lililolowa, na giza linaingia siku unayohitaji mwanga kuliko zote. Na akisimama kusalimiana na mtu, taa inazima. Nakumbuka salamu ndefu za njiani zilizopigwa gizani kabisa, watu wawili wanaulizana habari za mvua, za mifugo, za mgonjwa, hakuna anayemwona mwenzake usoni.

Usiku wa mbalamwezi aliitoa dinamo kwenye tairi na kuendesha bila taa. Tulidhani anabana globu. Baadaye nikaja kusoma kwamba mwezi mpevu unatupa ardhini kiasi cha robo ya laksi moja, ambayo ni kidogo mno, ila umetandazwa sawasawa kila mahali, na jicho likipewa dakika ishirini, thelathini kulizoea giza, robo hiyo inatosha kabisa kuonesha njia ya mchanga mweupe. Baba alikuwa anaona mbali zaidi bila taa kuliko akiwa nayo.

Sasa nimeitaja laksi, na hapa ndipo boksi la taa yangu liliponikamata. Lumeni inahesabu mwanga wote unaotoka kwenye taa, uende barabarani, uende mbinguni, uende kwenye taulo la gesti. Laksi inahesabu mwanga uliofika mahali fulani: lumeni 1 ukiitandaza kwenye mita 1 ya mraba ndiyo laksi 1. Wale wanaolima mchicha bonde la Msimbazi wataelewa haraka kuliko mimi. Lumeni ni maji yaliyomo kwenye ndoo. Laksi ni maji yaliyofika kwenye tuta. Unaweza kuwa na ndoo kubwa ukairusha hewani, mchicha ukafa. Na mwenye kopo lililotobolewa matundu akamwagilia safu nzima. Ongeza na hili: mwanga ukienda umbali mara mbili, nguvu yake haibaki nusu, inabaki robo. Ndiyo maana taa nyingi zinakuonesha tairi lako la mbele kama uko chumba cha upasuaji, na mita kumi mbele hakuna kitu.

Halafu hizo lumeni 10,000 zenyewe. Sikuwahi kupiga hesabu mpaka nilipokuwa nyumbani nimelala na goti lililofungwa bendeji. LED nzuri, ikiwa kwenye taa yake kabisa, inatoa kama lumeni 100 hadi 150 kwa kila wati. Ili upate 10,000 unahitaji wati 70 na zaidi. Ndani ya taa yangu mlikuwa na betri mbili za 18650, zile nene kuliko za rimoti, milimita 18 upana na 65 urefu. Tukizipa heshima kwamba ni nzima na kila moja ina miliampea-saa 2,500, kwa volti 3.7, zote mbili zinabeba wati-saa 18 na nusu. Gawanya. Kama kweli ingetoa lumeni 10,000 ingezima ndani ya robo saa hivi, na kabla ya hapo ingekuwa ya moto kiasi cha kukaangia yai. Boksi lilisema saa 5. Nilichokuwa nacho usukanini labda kilikuwa lumeni mia chache za kweli, ambazo kusema haki zinatosha kabisa mjini zikipelekwa panapotakiwa.

Na zangu hazikupelekwa. Wiki mbili kabla ya kuanguka, pale Magomeni Mapipa, bodaboda aliyekuwa anakuja kwenye upande wangu (yaani kinyume na njia, lakini hilo tuliache) alinipita amefunika macho kwa mkono. "We mzee wa baiskeli, shusha taa hiyo, unatuua!" Nilicheka. Nilijiona nimepanda cheo, nimekuwa gari.

Fundi wangu ndiye aliyeniondoa kwenye cheo hicho. Ni mzee wa Kimanyema anayefanya kazi chini ya mwarobaini, si mbali na chemba ile, na nilimfikia nikiwa nimeibeba baiskeli begani kwa ile rimu ya nane. Aliishika taa, akaiwasha, akaielekeza kwenye ukuta. Duara moja jeupe, katikati kali, pembeni limefifia, juu sawa na chini.

"Hii tochi, mwanangu," akasema.

"Lakini Mzee, wameiandika taa ya baiskeli."

"Wameandika. Tochi ni ya kutafutia kuku aliyelala juu ya mti. Taa ya chombo ina kope."

Kope! Sijasikia neno zuri zaidi kwa jambo hili. Gari likiwasha dimu, mwanga wake una ukingo juu, umekatwa, chini ya ukingo ni barabara yote na juu yake ni giza. Ndiyo maana unaweza kupishana na basi lenye taa za kutisha bila kupofuka, mradi dereva hajawasha fulu. Tochi haina kope. Nusu ya mwanga wake inapita juu ya barabara na kwenda kwenye macho ya watu, na wewe uliyelipia unabaki na nusu iliyobaki. Ukitaka kuona mbali unaiinua, unawapofusha watu. Ukiishusha kwa adabu, unaona mita nne.

Mzee akaniambia niende kwa wauza baiskeli za mtumba Kariakoo, nitafute taa iliyotoka Ulaya na gurudumu lililotoka Japani. Nilidhani ananitania.

Baiskeli za mtumba zinashuka kwenye makontena zikiwa zimefungwa pamoja kama kuni. Za Kijapani, zile za akina mama zenye kikapu mbele, nyingi zina dinamo ndani ya habu, yaani kitovu, ya gurudumu la mbele, na wanunuzi wengi hapa hawaitaki kwa sababu wanaona habu nene na kudhani ni uzito wa bure. Muuzaji aliniletea gurudumu zima kwa bei ya chakula cha wiki moja. Taa alikuwa nazo kwenye boksi chini ya meza, zimechanganyika na kengele na kufuli zisizo na funguo. Nilikaa chini nikachambua kama mama anayechagua mchele.

Nilichokuwa natafuta ni alama. Mzee alinichorea kwenye karatasi ya sigara: kijimstari cha wimbi, herufi K, kisha namba. Hiyo ni muhuri wa Ujerumani kwamba taa imepimwa. Sheria yao haiulizi lumeni ngapi. Inauliza: simama mita 10 mbele ya taa, pale mwanga unapokuwa mkali zaidi pana laksi ngapi? Zisipungue 10. Halafu inauliza swali la pili, lile la bodaboda wa Mapipa: juu ya ukingo, panapokuwa na macho ya watu, pana laksi ngapi? Zisizidi 2. Taa ya mbele kumetameta hairuhusiwi kabisa. Mpaka mwaka 2013 walikuwa hata hawakubali taa ya betri peke yake, isipokuwa kwenye baiskeli nyepesi za mashindano. Kila baiskeli nyingine ilitakiwa iwe na dinamo. Kuna watu walikaa kwenye vikao kwa miaka na miaka wakibishana mwanga wa baiskeli uangukie wapi, na matunda ya vikao vyao yako chini ya meza Kariakoo, shilingi 15,000.

Niliipata moja ya Busch & Müller, kampuni ya Ujerumani, ya LED, kioo kimekwaruzika kidogo. Nyuma ilikuwa na K yake na wimbi lake.

Mzee alizisuka spoku upya kwa sababu rimu ilikuwa imelegea, akavuta waya mbili kutoka kwenye habu kupitia uma hadi kwenye taa, akaikaza juu ya tairi kwa boliti yenyewe ya breki. Habu ya namna hii ni sumaku zinazozunguka na gurudumu na koili iliyotulia katikati. Hakuna kinachosugua kitu. Hakuna mlio, mvua haiihusu, na mguu hauoni tofauti, au mguu wangu hauoni. Mwenye mashindano atanibishia. Ukiinua gurudumu na kulizungusha kwa mkono unasikia vile vituo vya sumaku, tuk-tuk-tuk, lakini ukiwa barabarani vinapotea.

Usiku wa kwanza nilivunjika moyo kwa dakika tano. Nilizoea ule weupe unaokuchoma, na hii ilionekana hafifu. Halafu nikafika mahali penye giza kati ya taa mbili za barabarani zilizoungua, nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona nikiwa juu ya baiskeli: barabara. Kipande kipana, kimetandikwa mbele yangu kama jamvi, mwanga sawa kuanzia karibu na tairi hadi mbali, na mwisho wake umekatwa kama kwa rula. Juu ya ukingo hakuna kitu. Kokoto moja ilikuwa na kivuli chake. Nilipofika Manzese chemba ile niliiona nikiwa na muda wa kuamua nipite upande gani na bado nikabaki na muda wa kuitukana.

Ule muda ndio unaonunua unaponunua taa, tuuhesabu basi. Mwendo wa kilomita 20 kwa saa ni mita 5 na nusu kila sekunde. Mpaka ubongo uamini kilicho mbele na vidole vifike kwenye breki, sekunde moja hadi moja na nusu imekwenda, yaani hadi mita kama 8. Breki zenyewe kwenye lami kavu zinakula mita nyingine 5. Jumla 13. Taa inayokuonesha mita 8 tu inakuonesha shimo utakaloingia. Nikiteremka kutoka Kimara asubuhi ya alfajiri naweza kufika kilomita 30, na hapo hesabu inapita mita 20, kwa hiyo huwa nabana breki hata kama nimechelewa. Taa yangu ni nzuri lakini si jua.

Kuielekeza ndiko kazi ilipo, na karibu kila baiskeli ninayopishana nayo usiku taa yake imeelekezwa na tetemeko. Mimi natumia ukuta wa jirani. Kama taa yako ni tochi isiyo na kope, pima kimo chake kutoka chini, tuseme sentimita 90. Simama mita 5 kutoka ukutani, na katikati ya duara pawe nusu ya kimo hicho, sentimita 45. Ukutani umeshuka nusu katika mita 5, basi ukiondoa ukuta utagusa ardhi mita 10 mbele yako. Ni kanuni ya kale ya Wajerumani na hata mtoto wa darasa la tano anaweza kuithibitisha kwa rula. Taa yenye kope unaweza kuiacha itazame mbali zaidi: ukingo wake uwe chini kidogo tu ya kimo cha taa yenyewe. Uifanye ukiwa umekaa juu ya baiskeli na mzigo wako umefungwa, maana begi la kilo kumi kwenye keria linainua pua ya baiskeli na mwanga pamoja nayo. Baada ya matuta ya barabara ya vumbi uangalie tena.

Kuna watu wanafunga tochi kwenye helmeti. Ni raha kwa kusoma namba za nyumba na kwa kuziba pancha gizani. Kwa kuendesha siipendi, na sababu ni vivuli. Mwanga ukitoka karibu na macho yako, kivuli cha shimo kinajificha nyuma ya ukingo wa shimo lenyewe, na barabara inaonekana imepigwa pasi. Mwanga ukitoka chini, juu ya tairi au usukanini, kila bonde linajaa weusi na kila jiwe linavuta mkia. Jicho linasoma weusi ule kabla halijasoma jiwe. Na wakati wa vumbi la Suka tochi ya kichwani inakuangazia vumbi, unaendesha ndani ya maziwa.

Mvua ni kesi nyingine, na hapa sina ushindi wa kusimulia. Lami kavu ni mbaya kwa kugusa lakini nzuri kwa mwanga, inaurudisha kidogo kila upande, pamoja na kwako. Lami iliyolowa ni kioo. Mwanga wako unagonga maji na kuendelea mbele kama jiwe linalorukaruka ziwani, haurudi. Wakati huohuo taa za magari yanayokuja zinagonga maji yaleyale na kukuingia machoni mara mbili, moja kutoka juu na moja kutoka chini. Taa yangu nzuri ya K, pale Jangwani usiku wa masika, inameza maneno yake yote. Masika napunguza mwendo, na Jangwani pakijaa maji, sipiti. Dimbwi halina laksi zinazoweza kukuonesha kina chake.

Nilisema kumetameta hairuhusiwi Ujerumani. Uingereza waliruhusu mwaka 2005, ila wanashauri kwamba pasipo na taa za barabarani ya mbele iwake bila kukatika. Nakubaliana na ushauri huo. Taa inayometameta inaonwa haraka, ni kweli, lakini dereva anashindwa kukadiria uko umbali gani na unakuja kwa kasi gani, na wewe mwenyewe unaona barabara vipandevipande kama muziki wa redio yenye betri zilizochoka. Kama unaipenda sana, iwe ya pili, ndogo, hafifu, pembeni ya ile inayofanya kazi. Ya nyuma nyekundu sina mengi ya kuisemea: iwepo, iwake, isifunikwe na begi. Rifleta za kwenye pedali ni bora kuliko wengi wanavyodhani kwa sababu zinapanda na kushuka, na hakuna kitu kingine barabarani kinachocheza hivyo.

Ukikutana na mwenye fulu, usipigane naye kwa macho. Angalia kushoto, ufuate mstari mweupe wa ukingo au ukingo wenyewe pasipo na mstari, fumba jicho moja kama unaweza. Akishapita unafumbua jicho lile na angalau moja lako bado linalijua giza.

Dinamo haijaniondoa kwenye betri moja kwa moja. Nina taa ndogo ya betri ndani ya begi kwa dharura, na rafiki zangu wengi hawatabadilisha gurudumu zima kwa ajili ya makala ya mtu. Basi sikilizeni hili la betri. Za 18650 zilizo nzuri kabisa zinafika miliampea-saa 3,500 hivi. Ukiona imeandikwa 9,900 umeshajua unazungumza na nani. Njia yangu ya kuzikagua ni mizani. Betri ya kweli ya saizi hiyo ina uzito wa gramu 45 hivi, ikipungua ni kidogo. Zile mbili zilizokuja na taa ya lumeni 10,000 nilizipeleka kwa muuza iliki jirani na dukani kwetu, mwenye mizani midogo ya dijitali. Aliniangalia, akaangalia betri, akasema, "Kaka, hizi unauza kwa gramu?" Ya kwanza ilikuwa 29. Ya pili 27. Mle ndani mna kibetri kidogo na nafasi ya kupumulia, na nyingine duniani zimeshapasuliwa zikakutwa na unga. Nyepesi hivyo siichaji nyumbani, achilia mbali kando ya godoro usiku. Nzuri nazo hazipendi jua kali wala kuangushwa, na wakati wa mgao ni bora uchaji kazini wenye jenereta wakiwa hawajakuona.

Swali ninaloulizwa na kila mtu ni wizi. Taa inayofungwa kwa mpira unaivua na kuingia nayo dukani, na siku utakayosahau ndiyo siku hiyo. Ya kwangu imekazwa kwa boliti, imekwaruzika, na haiwaki mpaka gurudumu lizunguke, kwa hiyo anayeijaribu anaona imekufa. Miezi kumi na nne sasa haijaguswa. Kengele nimeibiwa mara mbili.

Baba amestaafu, alikuja Dar mwezi uliopita kwa ajili ya macho yake. Usiku wa kwanza nilirudi saa tano, nikamkuta amekaa barazani kwenye kiti cha plastiki na redio pajani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nilikuona tangu pale kwenye kona, lakini sikukusikia."

Nikaiegemeza baiskeli ukutani. Gurudumu limesimama, taa bado inawaka, mwanga wake umepungua ukawa wa mshumaa, kwenye majani ya mpapai. Akaitazama. Nikamweleza kuna kapasita ndani, inaweka akiba ya umeme ili usisimame gizani. Baada ya dakika chache itazima yenyewe. Hakujibu. Niliingia ndani, nikanawa, nikapasha wali, nikatoka na sahani mbili. Alikuwa amezima redio na kusogeza kiti.

"Bado," akasema, bila kugeuka.